FUNDI NYUMBANI: Waya ulionyamaza si waya uliolala

Ndugu msomaji, mtu anayesimama usiku wa giza katika pwani yetu ya Minago huona ziwani mstari mrefu wa taa, kana kwamba mji mwingine umejengwa juu ya maji. Hizo ni taa za wavuvi wa ndagala. Wanawake na wazee waliobaki nchi kavu hawana wasiwasi maadamu taa zinawaka. Hulala usingizi wao. Lakini taa moja ikizimika ghafula kabla ya alfajiri, utasikia mlango ukifunguliwa, kisha wa pili, na watu wakiteremka ufukweni kuulizana ni mtumbwi wa nani. Taa ile ilikuwa ikisema neno moja tu usiku kucha: tupo. Kuzimika kwake ndiko kulikokuwa habari.

Nimeanza na taa hizo kwa sababu wiki hii safu yetu itaeleza mashine moja ya kale iliyotumia akili hiyo hiyo, nayo ni teleprinta. Na jinsi ya kuiunganisha na kompyuta ya leo bila kuunguza kitu wala kumdhuru mtu. Askari na polisi wengi wenye mvi wataitambua mara moja. Vijana wasiopata kuiona wasikimbie ukurasa huu, kwani mwishoni nitawapa kazi ndogo ya nyumbani iliyozaliwa katika mashine hiyo, isiyotaka zaidi ya betri nne za tochi.

Jirani yangu ni askari mstaafu aliyetumikia upande wa mawasiliano. Miaka mingi iliyopita alinunua katika mnada wa vifaa chakavu teleprinta ya Kijerumani, Siemens aina ya T100, kwa bei ya chuma kikuukuu. Tangu siku hiyo mashine ilikaa chini ya turubai, karibu na mapipa ya mawese. Siku moja aliniita akasema: “Mwalimu, wewe umesoma. Nifanyie mashine hii isikie kompyuta yako, ili wajukuu wangu wasidhani kwamba nilikuwa nikiwadanganya.” Nikamjibu: “Sawa, afande.” Sikujua kwamba nimejitia shuleni upya.

MASHINE YENYEWE

Teleprinta ni taipureta inayoandika kwa amri itokayo mbali. Mtu wa Bujumbura akibonyeza herufi, mashine ya Kigoma huipiga herufi hiyo juu ya karatasi, hata kama hapana mtu chumbani. Asili ya alfabeti yake ni kazi ya Mfaransa Émile Baudot, aliyepata hataza yake mwaka 1874. Kila herufi hufanywa kwa nafasi tano, na katika kila nafasi mkondo wa umeme ama upo ama haupo. Nafasi tano hutoa michanganyiko 32 tu, nayo haitoshi herufi zote pamoja na tarakimu. Kwa hiyo mchanganyiko mmoja hupewa maana mbili, na kuna amri mbili za pekee: moja husema “sasa ni herufi”, na ya pili husema “sasa ni tarakimu”.

Hapo pana mtego ambao kila mwendeshaji wa zamani aliuogopa. Amri ya kugeuza ikipotea njiani, ujumbe huendelea kuandikwa, ila kwa upande usio wake. Herufi za safu ya juu ya kibao hugeuka tarakimu: Q huwa 1, W huwa 2, E huwa 3, na kuendelea hadi P ambayo huwa 0. Mwenzako akikuandikia TUPO, nawe mashine yako imebaki upande wa tarakimu, utasoma 5709. Fikiri mwenyewe hasara ya kusoma “tupo” kama idadi ya magunia, au idadi ya magunia kama neno lisilo na maana. Ndiyo sababu waendeshaji walioleleka vizuri walizoea kurudia tarakimu mwishoni mwa ujumbe.

Mwendo wa mashine hizi katika mtandao wa teleksi ulikuwa baudi 50, yaani kila nafasi ilidumu milisekunde 20. Herufi moja ina nafasi ya kuanzia, nafasi tano za ujumbe, na nafasi moja na nusu ya kusimamia. Jumla milisekunde 150. Hesabu inatupa herufi 400 kwa dakika. Leo twaweza kucheka, lakini huo ni mwendo ambao karani hodari kwa mkono asingeufikia.

Usidhani pia kwamba kizazi hiki hakina deni kwa mashine hiyo. Mwisho wa anwani ya teleksi ulionyesha nchi: BDI ilikuwa Burundi, TZ ilikuwa Tanzania. Katika mawasiliano ya viwanja vya ndege, Bujumbura hujulikana kwa herufi HBBA na Kigoma kwa HTKA. Ujumbe wa zamani ulianza kwa ZCZC ukaisha kwa NNNN, nao wenye herufi SS ulikuwa wa hatari, ukapita mbele ya mwingine wowote. Mstari wa ujumbe ulikuwa na kikomo cha herufi 69, kwa sababu karatasi ya teleprinta ilikuwa na upana wake. Simu za mkononi na intaneti zimeichukua kazi ya teleksi, lakini mazoea yaliyofundishwa na chuma kile yangali yanaonekana.

LUGHA MBILI ZA UMEME

Sasa tuingie katika kazi. Kompyuta hutoa ujumbe wake kwa mfululizo, tarakimu moja baada ya nyingine, kupitia mlango wa mfululizo. Teleprinta nayo hupokea kwa mfululizo vilevile. Mtu angedhani kwamba kinachotakiwa ni waya mbili tu kutoka hapa hadi pale. Dhana hiyo ndiyo iliyoniponza.

Kompyuta husema kwa volti. Katika kanuni iitwayo RS-232, hali ya mapumziko, ambayo mafundi huiita alama, ni volti hasi, kati ya hasi 3 na hasi 15 mahali pa kupokea. Hali ya pili, iitwayo pengo, ni volti chanya, kati ya 3 na 15. Vipande vidogo vya kisasa vyenye mlango wa mfululizo wa volti 5 vina desturi nyingine: alama ni volti 5, na pengo ni sifuri. Ukimpa huyu volti za yule, umemwua. Kwa hiyo hata ndani ya nyumba ya kompyuta tayari zipo lahaja mbili, na mkalimani wake wa kawaida ni kipande kiitwacho MAX232.

Teleprinta haijali volti. Yenyewe husikia mkondo tu. Waya hutoka katika chanzo cha umeme, hupita katika koili ya sumaku ya mashine, hupita katika kibao cha herufi, kisha hurudi ulikotoka. Huo ndio mzunguko uitwao kitanzi cha mkondo. Mkondo ukipita, sumaku huvuta: hiyo ni alama. Mkondo ukikatika, sumaku huachia: hilo ni pengo. T100 hutaka miliampea 40. Teleprinta nyingi za kale za Kimarekani zilitaka 60, na Teletype Model 33 iliyotumika sana na kompyuta za miaka ya 1960 na 1970 ilitaka 20. Kabla hujaunganisha chochote, hapana budi uijue mashine yako ni ya miliampea ngapi.

Jambo la kushika ni hili. Teleprinta inapokuwa kimya, haina la kusema, mkondo unapita muda wote. Kila herufi huanza kwa kuukata mkondo kidogo, na kukatika huko ndiko kunakoiamsha mashine. Nilimwuliza mzee kwa nini watu wa kale walipoteza umeme usiku kucha kwa waya usio na ujumbe. Alinitazama kama mtu anayemtazama kuruta.

“Mwalimu,” akasema, “mashine ikinyamaza sisi tulifurahi, kwa kuwa tulijua waya ni mzima. Ila ilipoanza kutetema yenyewe bila kuandika herufi, hatukungoja amri. Tulijua waya umekatika mahali fulani, ama kwa mti ama kwa mtu, na doria ikatoka.”

Maneno hayo ndiyo makala yangu yote. Mashine ambayo kimya chake ni ukosefu wa umeme haiwezi kukuambia kwamba waya umekatika; kwake, kukatika na kutulia ni kitu kimoja. Mashine ambayo kimya chake ni mkondo haiwezi kukuficha. Kitanzi kikifunguka, hupayuka papo hapo.

KOSA LANGU

Kabla ya kupata hekima hiyo nilikuwa nimeshaunguza kiunganishi kimoja. Nilinunua kile kinachotiwa katika mlango wa USB wa kompyuta, nikachukua waya mbili za kitanzi, nikazifunga katika pini ya 2 na ya 5, ambazo ndizo za kupokea na za ardhi. Kitanzi kilikuwa na volti 120. Mara nikaona moshi mwembamba, nikasikia harufu ya plastiki. Mke wangu aliyekuwa akichambua mchele akauliza: “Baba watoto, hiyo ndiyo barua ya kwanza?” Kompyuta ilinusurika kwa bahati tu.

Tena niligundua kwamba hata kisingeungua, kisingefaa. Teleprinta hutaka nafasi tano za ujumbe na mwendo wa baudi 50. Si kila kiunganishi cha USB kinakubali jambo hilo. Chenye kipande cha FT232R hukubali nafasi saba au nane tu. Chenye kipande cha CH340 hukubali tano hadi nane, na mwendo wake huanzia baudi 50. Kwa macho vyaweza kufanana kabisa dukani. Soma kwanza karatasi ya maelezo, kisha utoe fedha.

KIUNGANISHI KINACHOFAA

Mkalimani wa kweli kati ya volti na mkondo ni kipande kidogo kiitwacho optokapla. Ndani yake mna taa ndogo na jicho linaloitazama, na kati yao hapana waya hata mmoja. Kompyuta huwasha taa. Jicho huona na kuamrisha upande wa pili. Kwa njia hiyo umeme wa kitanzi hauwezi kuvuka kuja kwenye kompyuta. Twahitaji viwili, kimoja cha kwenda na kimoja cha kurudi.

Kwa upande wa kwenda, jicho la optokapla huamrisha transista inayofungua na kufunga kitanzi. Transista hiyo iwe ya volti nyingi. Sisi tulitumia MJE340, yenye kuhimili volti 300. Usitumie ya volti 30 au 40 kwa kuona kwamba ni rahisi, kwa maana koili inapokatiwa mkondo huruka na volti nyingi kuliko zile ulizoipa.

Kwa upande wa kurudi, taa ya optokapla ya pili huwekwa ndani ya kitanzi chenyewe, mkondo upite kwake. Lakini miliampea 40 ni mzigo mkubwa kwa taa hiyo ndogo. Ipe msaidizi, yaani rezista ya omu 39 kandokando yake. Taa ikishika volti 1.2, rezista itabeba miliampea 30 hivi, na taa itabakiwa na 10. Ongeza dayodi moja iliyogeuzwa kinyume kandokando ya taa, ili siku utakapokosea kugeuza waya, taa isife.

Sasa hesabu ya rezista kuu, inayopanga mkondo. Volti 120 zikigawanywa kwa ampea 0.04 hutoa omu 3000. Mita yetu ilionyesha kwamba koili ya mashine ina omu 200. Zinabaki 2800, dukani tulipata ya 2700, ikatupa mkondo wa miliampea 41, nao unafaa. Joto lake ni karibu wati 4.6. Kwa hiyo nunua rezista ya wati 10, uiweke mahali penye hewa, mbali na karatasi.

Msomaji makini atauliza: kwa nini tusitumie volti 12 za betri ya gari na rezista ndogo, mradi mkondo uwe miliampea 40? Swali ni zuri. Koili ni kama mtumbwi mzito. Haianzi safari mara usukumapo. Muda wa kupanda kwa mkondo hutegemea ukubwa wa koili ukigawanywa kwa omu zote za kitanzi. Tuchukue mfano wa koili ya henri 3. Kwa volti 12, omu zote ni 300, na muda huo ni milisekunde 10, yaani nusu nzima ya nafasi moja ya herufi. Sumaku itachelewa, na herufi zitaharibika. Kwa volti 120 na omu 3000, muda ni milisekunde 1 tu. Ndiyo maana watu wa kale walitumia volti nyingi na rezista kubwa, ingawa sehemu kubwa ya umeme ilipotea kwa joto. Walinunua usahihi.

Sharti la mwisho la kitanzi: chanzo cha umeme ni kimoja tu. Katika vifaa vya namna hii, kuna vinavyotoa mkondo na kuna vinavyousubiri. Vikikutana viwili vyenye kusubiri, hapana litakalotendeka. Vikikutana viwili vyenye kutoa, vitasukumana au vitajumlisha volti zao, na kimoja kitaumia. Uliza kabla ya kufunga skrubu: nani hapa ndiye mwenye umeme?

KIDOLE CHA MTOTO

Hapa nawaomba akina mama na akina baba wasome polepole. Chanzo chetu cha volti 120 kilikuwa na kapasita kubwa ya kutuliza umeme. Jioni moja nilichomoa plagi ukutani, nikageuka kutafuta bisibisi. Mjukuu wa mzee, mtoto wa miaka sita aliyetoka kuoga ziwani, akanyosha kidole kuelekea skrubu zinazong’aa. Mzee aliupiga mkono wa mtoto kando kwa nguvu, mtoto akalia. Mimi nikataka kusema kwamba plagi imechomolewa. Mzee hakunijibu, alichukua mita, akaigusisha. Ilisoma volti 96.

Nilikuwa na cheti cha ualimu, na hesabu ya rezista nilikuwa nimeiandika kwa kalamu mbili. Hilo halikunisaidia kitu. Kapasita huhifadhi umeme kama mtungi uhifadhivyo maji baada ya mvua kukatika, na kidole chenye maji hupitisha umeme kuliko kikavu. Tangu jioni hiyo niliweka rezista ya omu 100,000 kandokando ya kapasita. Kapasita yetu ni ya mikrofaradi 100, kwa hiyo huisha karibu yote katika dakika moja. Na hata hivyo sigusi kabla ya kupima.

Yashikeni haya matatu. Kwanza, usichukue umeme wa kitanzi moja kwa moja kutoka ukutani. Lazima kati yake pawe na transfoma ya kutenganisha. Pili, skrubu zote zifunikwe ndani ya kisanduku kabla mashine haijawashwa mbele ya watoto. Tatu, asiyejua kutumia mita asianze kazi hii peke yake. Amtafute fundi, wala si aibu.

MAJARIBIO

Mafundi wa teleprinta walikuwa na ujumbe wao wa majaribio: RYRYRY, mstari baada ya mstari. Sababu yake ni nzuri. R ina mkondo katika nafasi ya pili na ya nne tu. Y ina mkondo katika ya kwanza, ya tatu na ya tano. Kila moja ni kinyume cha mwenzake, kwa hiyo sumaku hufanyishwa kazi ngumu kuliko zote. Mashine iandikayo RY ukurasa mzima bila kosa imepona.

Tuliwasha kompyuta kwanza, kisha mota ya mashine. Utaratibu huo una maana: kompyuta ikiwa imezimwa, optokapla imelala, kitanzi kiko wazi, na mashine itatetema mfululizo. Katika programu tulipanga nafasi tano, baudi 50, na nafasi mbili za kusimamia, kwani mashine haidhuriki kwa kungojeshwa. Mistari ya kwanza ilitoka na herufi za kigeni. Tukakuta skrubu moja imelegea. Tulipoikaza, RY zikaja safi, moja baada ya nyingine, kwa ule mlio ambao majirani walidhani ni cherehani ya fundi mwenye haraka.

Mzee aliniomba niondoke mbele ya kibao. Akaketi, akanyosha mgongo, akaandika polepole: TUPO. Kwa kuwa kibao na mashine ya kuandikia vimo katika kitanzi kimoja, neno lilitokea juu ya karatasi yake na juu ya kioo cha kompyuta kwa pamoja. Wajukuu wakapiga kelele. Halafu, bila kusema, mzee alichomoa waya mmoja wa kitanzi. Mashine ikaanza kutetema bila kuandika kitu. Akawaambia watoto: “Hivi ndivyo waya unavyolia.” Akaurudisha, mashine ikanyamaza.

FUNDISHO LINGALI HAI

Usiseme kwamba akili hiyo imezikwa pamoja na teleksi. Viwandani na katika mitambo ya maji duniani kote, vipimo hupelekwa leo kwa kitanzi cha mkondo wa miliampea 4 hadi 20. Chukua tangi la maji lenye kina cha mita 4. Tangi likiwa tupu, kipimo hutuma miliampea 4. Likifika mita 2, hutuma 12. Likijaa, hutuma 20. Kwa nini tupu isiwe sifuri? Kwa sababu sifuri imehifadhiwa kwa habari moja tu: waya umekatika, au kipimo kimekufa. Mlinzi wa tangi hawezi kudanganyika akadhani maji yamekwisha ilhali panya ametafuna waya.

Sisi tunaokaa pwani hii twajua thamani ya kipimo kisichodanganya. Mwaka 2024 maji ya Tanganyika yalipanda yakaingia katika nyumba za watu, Gatumba na Rumonge pia. Kipimo cha maji kinachonyamaza ni hatari kuliko kutokuwa na kipimo, kwa kuwa mwenye nacho hulala kwa imani.

KAMSA YA NYUMBANI

Sasa kazi niliyowaahidi vijana. Hii haina hatari, kwani umeme wake ni volti 6 tu. Tafuteni betri nne za tochi zilizopangwa mfululizo, transista ya BC547, rezista ya omu 47,000, king’ora kidogo cha volti 6 kisichokula zaidi ya miliampea 20, na waya mwembamba mrefu.

Transista ina miguu mitatu: kolekta, besi na emita. Unga chanya ya betri kwenye chanya ya king’ora, na hasi ya king’ora kwenye kolekta. Emita iende kwenye hasi ya betri. Rezista iunganishe chanya ya betri na besi. Mwisho, waya mrefu wa ulinzi utoke kwenye besi, uzungushwe zizi la mbuzi, au upitishwe katika mlango wa banda, au ufungwe kwenye mtumbwi ulioegeshwa, kisha urudi kwenye hasi ya betri.

Waya ukiwa mzima, mkondo mdogo wa rezista hupita ndani yake na kurudi kwenye betri; transista hulala, king’ora hunyamaza. Mwizi akiukata, mkondo huo hukosa njia, hugeukia besi, transista huamka, na king’ora hulia. Mkondo wa ulinzi ni miliampea 0.13 tu, hata betri nzuri zaweza kulinda zaidi ya mwaka. Kisanduku chenye betri na king’ora kiwe ndani ya nyumba, mwizi asikifikie. Na kila Jumamosi mtoto mmoja apewe kazi ya kuufungua waya kwa makusudi ili kusikia kama king’ora kingali hai, kwa maana betri zikiisha kabisa, kamsa hii nayo hunyamaza. Hakuna kifaa kinachomwondolea mtu wajibu wa kukagua.

Ndugu msomaji, nikimaliza kuandika haya ni usiku. Kutoka dirishani naona taa za wavuvi, na kwa jirani nasikia teleprinta ikiendeshwa. Mzee anawafundisha wajukuu kugeuza herufi na tarakimu. Mara kwa mara kuna kimya. Zamani kimya hicho kingenifanya nidhani kwamba mashine imezimwa. Sasa najua kwamba miliampea 41 zinapita katika waya ule, na kwamba yote ni salama.

Yule ambaye mwanawe au mumewe yu kazini mbali, katika kambi au kituo, naye amwombe atume neno fupi kila jioni hata kama hana habari. Neno hilo halitamwambia jambo jipya. Lakini jioni litakapokosekana, atajua mapema kwamba yafaa kuinuka na kuuliza.